Kumalizia darini: tofali na slabu, au kuta nyepesi na bati?

Pita Fuoni, Kwarara au Mwanakwerekwe hapa Unguja, au ukivuka kwenda Pemba pita Machomanne, utaziona nyumba za namna moja. Chini wanaishi watu, mapazia yametundikwa na rangi imepigwa. Juu ni slabu tupu: nguzo zimechomoza nondo, tangi liko pembeni, na kamba za kuanikia nguo zimefungwa kwenye nondo hizo hizo. Sisi hujenga kwa awamu, kila mfuko wa saruji kwa wakati wake, na ni jambo la busara. Kisha siku inafika. Kijana anaoa, au wenye nyumba wenyewe, baada ya kulea watoto chini miaka yote hiyo, wanataka chumba kimoja chenye upepo, choo na bafu humo humo, mlango wakiufunga wamepumzika.

Hapo fundi huuliza, "Mama, tunapandisha tofali na kumimina slabu nyingine, au tunapaua bati?" Jawabu mara nyingi hutoka kwa kutazama alichofanya jirani. Naziweka hapa njia hizo mbili ubavu kwa ubavu, kwa chumba cha mita 4 kwa 4.5 na choo cha mita 1.8 kwa 2.4, nafasi inayowatosha watu wawili. Ninakoelemea nakusema mapema: chumba cha kulala na choo havitaki kitu kimoja. Chumba kinataka wepesi juu yake. Choo kinataka kitu kizito na kigumu. Ukilishika hilo, hutalazimika kuchagua njia moja kwa darini yote.

Kabla ya kuchagua, tazama ulichonacho

Nondo iliyokaa wazi miaka mingi katika hewa yetu ya chumvi imepungua, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, hasa pale inapoingia kwenye zege, maana maji ya mvua hutuama hapo. Kisha ipime. Nondo iliyonunuliwa ya milimita 12 ikiwa sasa inasoma 10, imepoteza karibu theluthi ya chuma chake. Nguzo mpya ikifungwa kwenye nondo ya namna hiyo, sehemu dhaifu itakuwa imefichwa ndani ya plasta, na hakuna atakayeiona tena.

Shuka chini utazame slabu kwa upande wa ndani. Madoa ya kutu yanayofuata mstari, au plasta inayobanduka vipande virefu, ni dalili kwamba chuma cha ndani kinavimba kwa kutu. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa pwani ina hatari hiyo zaidi, kwa sababu chumvi imo ndani ya zege tangu siku ya kwanza. Ukiyaona hayo, muite mhandisi kabla ya fundi. Ukikosa ramani ya mwanzo inayoonyesha kwamba nyumba ilikusudiwa kubeba ghorofa, chukulia kwamba haikukusudiwa, mpaka mhandisi aseme vingine. Na kibali cha ujenzi kinatakiwa hata kama nyumba ni yako tangu enzi za babu.

Uzito

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana sana. Slabu ya unene wa sentimita 15 ina uzito wa kiasi cha kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Juu ya chumba chetu na choo chake, hizo ni karibu tani 8. Bati pamoja na mbao zake na silingi, hata ukihesabu mapana ya ukingo, haifiki tani moja na nusu.

Kuta nazo zina hesabu yake. Tofali la inchi 6 lisilo na tundu, ukuta ukiwa na kimo cha mita 3 na plasta pande zote, ni karibu tani moja kwa kila mita ya urefu. Kuta za nje kwa kawaida zinakaa juu ya boriti za zege za chini, basi hazina neno. Wasiwasi ni ukuta wa ndani unaogawa chumba na choo, kwa sababu mara nyingi unaangukia katikati ya slabu, hakuna kitu chini yake ila silingi ya sebule. Kigawanyo cha fremu za chuma na bodi hakifiki kilo 100 kwa mita hiyo hiyo.

Bodi ya jipsamu nayo ina aibu zake. Ikilowa inalegea kama mkate, na hata bila kulowa, unyevu wetu wa masika huitia ukungu. Kwa upande wa choo usiikubali kabisa. Kigawanyo cha huko kikiwa cha bodi, weka bodi ya saruji. Na popote utakapotundika kabati, kioo kikubwa au kiyoyozi, mwambie fundi atie mbao nyuma ya bodi kabla hajaifunga, kwani baadaye hakuna pa kukaza skrubu.

Anayesema slabu ya pili itamwezesha kupanda ghorofa ya tatu huko mbele ana hoja, lakini hoja hiyo ina nguvu kwa mwenye msingi uliochimbwa kwa ghorofa tatu. Nyumba nyingi za mitaani hazina msingi huo.

Joto la usiku, na mvua

Watu husema bati ni joto na zege ni baridi. Mchana ni kweli. Lakini chumba cha kulala kinahukumiwa usiku, na usiku mambo hugeuka. Zege hunywa jua kutwa nzima, na kwa uzito wake huchelewa kulitoa. Hulitoa polepole baada ya magharibi, likishuka juu ya kitanda mpaka usiku wa manane. Katika miezi ya kaskazi, Disemba hadi Februari, aliyelala chini ya slabu isiyofunikwa analijua joto hilo linalotoka juu hata upepo ukiwepo. Bati hupata moto haraka zaidi, lakini ni jembamba, na jua likizama hupoa upesi.

Hilo ni kweli kwa sharti moja: kati ya bati na silingi pawe na nafasi inayopumua. Acha matundu yenye wavu kwenye pembetatu za paa pande zote mbili, upepo upite. Tandika karatasi ya kung'aa chini ya bati, na chagua bati la rangi nyeupe au ya maziwa. Bati jeusi na jekundu lililokolea linapendeza barabarani, ila anayelala chini yake ni wewe. Mwenye slabu tayari anaweza kuipaka chokaa nyeupe au kuipandishia bati juu likiwa limeinuliwa, na mjini hapa wengi wameishia kufanya hivyo, yaani wamelipa mapaa mawili.

Kwa mvua, bati lina kelele, na usiku wa masika hakuna mazungumzo. Silingi nzito kidogo hupunguza. Slabu iko kimya, lakini ikimiminwa bila mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita, maji yatatuama yapenye, na kulitafuta tundu la kuvuja kwenye zege ni kazi ya kukisia. Bati likivuja unaiona skrubu iliyolegea. Kwa karibu na bahari usinunue geji 30. Chukua 28, ambalo ni nene zaidi, lenye mpako wa alumini na zinki. Paa lifungwe kwa vyuma mpaka kwenye linta, ile boriti ya juu ya madirisha, upepo wa kusi usije kulinyanyua.

Tena bati linakuvunia maji. Mvua ya milimita 10 juu ya bati la mita 30 za mraba ni lita 300, na ukiwa na mfereji na bomba la kushusha, zinaingia tangini.

Kwa chumba cha kulala, basi, nachagua bati.

Choo: hapa ndipo pesa inapookolewa au kumwagika

Wengi wetu hupanga chumba kwanza, tukakiweka kitanda panapoonekana bahari, halafu choo kikapewa pembe iliyobaki. Geuza utaratibu. Panga choo kwanza, na kikae juu ya choo cha chini au ukutani karibu na karo, yaani shimo la maji taka. Bomba la inchi 4 linataka kuteremka kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita. Choo kikiwa mita 5 mbali na bomba la kushuka, unahitaji sentimita 10 za kina, ukiongeza unene wa bomba lenyewe. Zitatoka wapi? Ama utapasua slabu na bomba lining'inie kwenye silingi ya watu wa chini, ama utainua sakafu ya choo. Choo kikiwa juu ya choo, swali lenyewe halizuki, na hata bomba likivuja siku moja, maji yataangukia chooni wala si kwenye kapeti la sebule.

Aina ya choo nayo ina bei yake darini. Cha kuchuchumaa kina kiwiko chake, lile bomba lililopinda linaloshika maji ya kuzuia harufu, chini ya sakafu, na slabu yako imekwisha kumiminwa. Hivyo lazima uinue sakafu kwa sentimita 20 hadi 30, upande kidaraja kila unapoingia, na kifusi cha kujazia ni uzito mwingine. Cha kukaa chenye tundu la nyuma kinatoa maji taka kupitia ukutani juu ya sakafu, slabu haiguswi. Wazee wengi wanapendelea cha kuchuchumaa na nawaelewa, lakini kwa darini iliyokwisha kumiminwa nachagua cha kukaa, na bomba la kujisafishia pembeni. Sakafu ya bafu bado itainuka kidogo, sentimita 7 au 8, ili maji ya kuogea yapate mteremko wa kwenda kwenye tundu lake.

Kabla ya marumaru, piga dawa ya kuzuia maji sakafu nzima, ipande ukutani sentimita 20, na mahali pa kuogea ipande mpaka juu ya kichwa. Kisha ziba tundu, jaza maji kimo cha vidole viwili, uyaache saa 24. Mtu ashuke chini atazame silingi. Fundi atakwambia, "Bwana, tunachelewa, nimefanya kazi hii miaka." Mjibu kwa upole, "Fundi, nakuamini, lakini maji nayo tuyaulize." Jaribio hili linagharimu siku moja. Kung'oa marumaru kunagharimu marumaru zote.

Sasa tangi. Ulipokuwa na slabu tupu, tangi lilikaa juu ya slabu na bafu likiwa chini, maji yakashuka kwa nguvu. Ukihamia juu, tangi na bafu vinakuwa sakafu moja, na maji yanatoka kwa kudondoka. Kila mita moja ya kimo hukupa shinikizo la 0.1 ya bar tu, kwa hiyo chini ya tangi pawe angalau mita 2 juu ya kichwa cha bomba la kuogea, ikiwezekana zaidi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja ya maji. Tani moja huiweki juu ya mbao za bati.

Hapa njia nzito inashinda bila ubishi, na ndiyo sababu ya kusema choo kinataka uzito. Jenga kuta za choo kwa tofali, kwenye pembe ya nyumba penye nguzo na boriti chini, umimine kislabu juu ya choo peke yake, mita za mraba tano hivi. Juu yake inua kitako cha nguzo fupi, kisha tangi. Uzito wote, zege na maji, unashuka kwenye boriti na nguzo hizo. Chumba cha kulala pembeni yake kinabaki na bati lake, likiteremka kutoka kwenye ukuta wa choo, na maungio yakafunikwa kwa bati la kukinga maji lililozamishwa ndani ya plasta. Mpangilio huu unakuepusha na zaidi ya nusu ya uzito wa slabu kamili, na unahitaji mirunda michache. Mirunda hiyo iache chini ya zege siku 21, na zege lenyewe linyweshwe maji kwa siku 7 za mwanzo, asubuhi na jioni.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kuliacha tangi palipo na kufunga pampu ya kuongeza nguvu. Inafanya kazi, umeme ukiwepo. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100 ulipoingia mwaka 2013 hali ilibadilika sana, lakini kukatika kwa saa kadhaa bado tunakujua. Pampu iwe ya chini, ya kupandisha maji yanapokuja usiku. Kushuka yashuke yenyewe.

Maji ya moto ni hiari. Hita ya kuogea ya kilowati 4.5 inavuta karibu ampia 20, kwa hiyo ina haki ya waya wake peke yake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye ubao, na waya wa ardhi uliopimwa. Usiiunganishe na soketi ya feni. Bomba la kupumulia la choo nalo lipande mpaka juu ya paa, vinginevyo maji ya kwenye kiwiko yatanyonywa na harufu itaingia chumbani.

Upepo, kibla na sitara

Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kusi inatoka kusini na kusini-mashariki. Chumba kiwe na madirisha pande mbili zinazopokea pepo hizo, wala si ukuta mmoja. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu, kwa hiyo lipanue au chagua la mbao la kufunguka lote. Ukuta wa magharibi ndio unaochomwa na jua la alasiri. Choo kikiangukia upande huo kinakuwa kinga ya chumba. Upande huo ukigongana na mahali pa karo, choo kifuate kwanza karo.

Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutokea kwetu, kwani iko karibu kwenye mstari ule ule wa longitudo. Kwa hiyo familia isiyotaka choo kielekee kibla wala kukipa mgongo, ikiweke kielekee mashariki au magharibi, na iseme kabla fundi bomba hajatoboa.

Ukiwa juu unaona ua wa jirani. Upande huo dirisha lianzie kimo cha mita 1.7, au liwe na vipande vya mbao vya mshazari vinavyopitisha hewa na kuzuia jicho. Mfahamishe jirani kabla hujaanza. Ni haki yake.

Ikiwa nyumba iko Mji Mkongwe

Hapo ulinganisho huu haufanyi kazi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu imebebwa na boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ina urefu wake. Slabu ya zege haina nafasi. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa inaufungia unyevu ndani, chumvi ikautafuna ukuta, tumia chokaa. Choo kisikae katikati ya boriti: maji yakivuja kidogo kidogo, vichwa vya boriti vinaoza ndani ya ukuta pasipoonekana. Kiweke penye ukuta wa chini, chepesi, na maji yake yatoke nje moja kwa moja. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mwenye kusema ndiyo au hapana ni Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kihistoria la hapo, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, wakafariki watu wawili. Majengo haya yanataka mtu anayeyajua.

Ngazi na majira

Kwa kijana anayeoa, ngazi ya nje inampa mlango wake na inawapa wazazi utulivu wao. Kwa wenye nyumba wenyewe, ngazi ya ndani ni salama zaidi usiku na wakati wa mvua. Kwa mzee mwenye magoti yanayouma, naomba mbadilishane: vijana wapande juu, yeye apewe chumba cha chini chenye choo, na pesa ya darini ingoje.

Kazi ianze masika yakikatika, Juni hivi. Kwanza nguzo na kuta, kisha kislabu cha choo, ambacho kinahitaji wiki zake, na wakati kinakauka bati linapauliwa juu ya chumba. Paa liwe limefungwa kabla ya vuli kuingia Oktoba. Marumaru, rangi na kitanda vinaweza kungoja mwaka hata miwili, lakini mabomba yote, pamoja na lile la kupumulia, yaingie ukutani kabla ya plasta.